Daktari wa Fito za Chuma

Paul Harrington alizaliwa mwaka 1911 katika jimbo la Kansas, Marekani. Alipokuwa chuo kikuu alicheza mpira wa kikapu. Kisha alisomea udaktari. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alitibu askari. Vita vilipokwisha mwaka 1945 alihamia mji wa Houston.

Huko alikuta watoto wengi waliougua polio. Polio tunaijua kwa kulemaza miguu, lakini pia huweza kulegeza misuli ya mgongo. Mtoto anapokua, uti wa mgongo hupinda upande. Mbavu hubana mapafu, naye hupumua kwa shida. Siku zile mtoto alifungwa plasta ngumu kiwiliwili kizima. Mwenye pumzi haba hakuweza kuistahimili.

Hapa Mwika, mgomba ukilemewa na mkungu tunautegemeza kwa mti wenye panda. Harrington naye alitafuta kitegemezo, lakini cha kuwekwa ndani ya mwili. Kwanza alijaribu skrubu, hazikufaa. Ndipo akatengeneza ufito wa chuma kisichopata kutu, wenye kulabu mbili. Kulabu moja hushika mfupa wa uti juu ya mahali palipopinda, nyingine chini yake. Ufito una meno. Daktari husukuma kulabu jino kwa jino, kama dereva anavyoinua gari kwa jeki, na mgongo hunyooka.

Watoto walinyooka. Lakini baada ya muda kulabu nyingine zilichomoka, na fito nyingine zilikatika. Waya ukikunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hukatika. Chuma cha mgongoni nacho hukunjwa kila mtu anapoinama. Kwa mzazi aliyekwisha kumwona mwanawe amesimama wima, hilo bila shaka lilikuwa pigo. Harrington alitambua kuwa chuma hushikilia kwa muda tu. Basi alipandikiza vipande vya mfupa wa mgonjwa mwenyewe kando ya ufito, ili mifupa ya uti ishikane iwe mmoja. Ukishaungana, mfupa ndio unaobeba mzigo.

Mwaka 1962 aliandika habari za kazi hiyo katika jarida la madaktari wa mifupa, na fito zake zikaenea nchi nyingi. Zilikuwa na kasoro: zilinyoosha hata mpindo wa kawaida wa kiunoni, na watu wengine walibaki na maumivu. Harrington alifariki mwaka 1980. Siku hizi madaktari hutumia zaidi skrubu nyingi zilizounganishwa kwa fito. Mfupa bado wanaupandikiza.