Mekatilili wa Menza: Ngoma, Kiapo na Uongozi wa Mwanamke katika Pwani ya Kenya

Utangulizi

Kila panapojadiliwa uongozi wa kisiasa wa wanawake na nafasi yake katika maendeleo ya dunia, wazungumzaji wengi huanzia Beijing, ambako Umoja wa Mataifa uliandaa mkutano wa nne wa dunia kuhusu wanawake mnamo Septemba 1995. Wengine huanzia mwaka 2015, mataifa yalipokubaliana juu ya malengo 17 ya maendeleo endelevu na kulifanya suala la usawa wa kijinsia kuwa lengo la tano. Si kosa kuanzia huko. Hata hivyo, msomaji wa Pwani asiyejua mwanzo mwingine huenda akadhani kwamba uongozi wa mwanamke ni bidhaa iliyoletwa na meli. Mapokeo ya Mombasa yenyewe yanamtaja malkia Mwana Mkisi, na jina la mji wake, Kongowea, lingali hai upande wa bara hadi leo. Aidha, miongoni mwa Wamijikenda, ambao ni sehemu kubwa ya wakazi wa Kisauni, Likoni na Changamwe, hakuna jina la mwanamke linalotajwa kwa fahari kuliko la Mekatilili wa Menza.

Makala haya yanasimulia maisha yake kwa lengo la kuonyesha jambo moja. Mekatilili hakuongoza kwa sababu ya hasira tu, wala kwa uchawi kama walivyodai waliomkamata. Aliongoza kwa kutumia vyombo vya utawala na sanaa za lugha ambavyo jamii yake ilikuwa tayari imempa mwanamke. Inafaa kutanguliza tahadhari: sehemu kubwa ya maandishi ya wakati ule kumhusu ilitoka kwenye kalamu za maafisa wa serikali ya Kiingereza, na sehemu iliyobaki tumeipokea kwa mdomo. Kwa hiyo, panapotegemewa mapokeo, tutasema hivyo.

Kuzaliwa na Malezi

Mekatilili alizaliwa katika karne ya 19, miaka ya 1860 kwa makadirio ya wengi, huko Mtsara wa Tsatsu, Ganze, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Kilifi. Jina alilopewa na wazazi wake ni Mnyazi, naye baba yake alikuwa Menza. Mapokeo yanaeleza kwamba alikuwa binti pekee miongoni mwa ndugu zake, na kwamba mmoja wa ndugu hao, Mwarandu, alinyakuliwa na wafanyabiashara wa watumwa, asionekane tena. Ikiwa simulizi hii ni ya kweli, basi binti huyu alijua tangu utotoni maana ya kijana wa nyumbani kuchukuliwa na wageni akafanye kazi ya wengine.

Aliolewa, akazaa, na kwa desturi ya Wagiriama akaanza kuitwa kwa jina la mwanawe. Mekatilili maana yake ni mama yake Katilili. Jina hili si pambo. Kila alipoitwa hadharani, msikilizaji alikumbushwa kwamba anayezungumza ni mzazi, na suala kuu la siasa za wakati wake lilikuwa hatima ya watoto wa kiume. Fauka ya hayo, alipoanza harakati zake alikuwa mjane mwenye umri mkubwa, na mwanamke wa hali hiyo alikuwa na uhuru wa kusema mbele ya wazee kuliko mke kijana.

Chanzo cha Mgogoro

Mwanzoni mwa karne ya 20 Wagiriama hawakuwa watu wenye shida ya ajira. Walilima mahindi na nafaka nyingine wakauza ziada mijini Pwani. Aidha, walikuwa na mifugo, tembo la mnazi na biashara ya pembe. Wengi wao walikuwa wamevuka Mto Sabaki na kulima ardhi yenye rutuba upande wa kaskazini.

Serikali ya Kiingereza ilikuwa na hesabu tofauti. Mwaka 1907 utumwa ulipigwa marufuku kisheria katika ukanda wa Pwani, na mashamba yaliyotegemea watumwa yakakosa mikono. Wakati uo huo walowezi walitaka wafanyakazi wa mashamba ya mpira na katani, na shughuli za bandari na miji zilihitaji vibarua. Charles Hobley, Mkuu wa Mkoa aliyekuwa na makao yake Mombasa, aliwatazama Wagiriama kama hazina ya nguvukazi ambayo haijaguswa. Mwaka 1912 Arthur Champion alipelekwa kwao akiwa bwana shauri msaidizi. Alitakiwa kuhesabu nyumba, kukusanya kodi, kuimarisha wakuu wa vijiji walioteuliwa na serikali na kupata vijana wa kwenda kufanya kazi mbali na kwao.

Hapa ndipo tunapoona kwamba mgogoro huu ulikuwa wa maendeleo hasa, ingawa neno hilo halikutumika. Pande zote mbili zilikuwa na wazo la jinsi nchi inavyopaswa kustawi. Upande mmoja ulitaka kijana atoke shambani kwa mama yake akazalishe mali ya soko la ng'ambo. Upande wa pili uliona kuwa kijana huyo ndiye ghala la chakula, ndiye ulinzi na ndiye mrithi wa ukoo. Serikali haikumuuliza mwanamke yeyote maoni yake, ilhali mwanamke ndiye aliyekuwa akibaki na shamba lisilo na mtu wa kulisafisha.

Ngoma, Kiapo na Kinywa

Katikati ya mwaka 1913 Mekatilili alianza kuzunguka vijijini. Mapokeo yanasema kwamba alicheza kifudu, ngoma ya mazishi na matambiko, na kwamba watu walimfuata kutoka kijiji hadi kijiji. Uteuzi wa ngoma hiyo una maana kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi. Kifudu huwaita watu wote, hakimbagui mwanamke wala mwanamume, na hakuna afisa ambaye angeweza kuzuia watu kuomboleza bila kujiaibisha. Walipokwisha kukusanyika, ngoma iligeuka kuwa mkutano wa kisiasa.

Katika hotuba zake alifufua utabiri wa Mepoho, mwanamke wa zamani anayesimuliwa kuwa aliona mapema ujio wa wageni na kuporomoka kwa heshima ya vijana kwa wazee. Kwa njia hiyo alijiweka katika mlolongo wa wanawake wenye mamlaka ya kusema juu ya hatima ya jamii. Kisha wafuasi wake wakaelekea Kaya Fungo, makao ya kale ya Wagiriama, ambako viapo viwili vilitolewa: wanawake walikula mukushekushe, na wanaume wakala kiapo cha fisi. Waliokula walijifunga kutotoa vibarua, kutolipa kodi na kutoshirikiana na wakuu wa vijiji wa serikali. Mwenziwe mkuu katika kazi hii alikuwa mzee Wanje wa Mwadorikola.

Tuzingatie mpangilio huo. Kiapo cha wanawake hakikuwa kiambatisho cha kiapo cha wanaume. Kilisimama peke yake, kikiwa na nguvu yake na adhabu yake. Hivyo Mekatilili hakuhitaji kubuni chombo kipya cha uongozi. Alikuta chombo kimelala, akakiamsha.

Simulizi mashuhuri zaidi kumhusu ni ya kuku. Mapokeo yanaeleza kwamba katika baraza moja Mekatilili alimjia Champion akiwa na kuku mwenye vifaranga, akamtaka ajaribu kuchukua kifaranga kimoja. Champion aliponyoosha mkono, yule kuku akamdona. Mekatilili akawageukia watu na kuwaeleza kwamba hivyo ndivyo itakavyokuwa kwa yeyote atakayegusa wana wa Wagiriama. Inasimuliwa kwamba Champion alimpiga kuku risasi. Hata kama maelezo ya tukio yameongezwa chumvi kadiri miaka ilivyopita, istiari yake inabeba hoja nzima: mama hana bunduki, lakini hatanyamaza.

Kukamatwa, Kutoroka na Vita

Tarehe 17 Oktoba 1913 Mekatilili na Wanje walikamatwa, wakapelekwa Kisii, magharibi mwa nchi, wafungwe huko. Serikali iliamini kuwa umbali ungezima sauti yao. Tarehe 14 Januari 1914 wote wawili walitoroka. Wakashika njia ya kurudi Pwani, masafa yanayozidi kilomita 600 hata yakipimwa kwa mstari ulionyooka. Mapokeo yanasema walitembea kwa miguu, wakipita nchi za watu ambao lugha zao hawakuzijua.

Serikali haikusubiri. Kaya ilikuwa imekwisha kufungwa kwa amri, na tarehe 4 Agosti 1914 ikalipuliwa kwa baruti. Ilikuwa siku ile ile ambayo Uingereza ilitangaza vita dhidi ya Ujerumani. Mlipuko huo ulikusudiwa kuvunja viapo kwa kuvunja mahali vilipotolewa, lakini matokeo yake yakawa kinyume: mapigano yakazuka. Wagiriama walikuwa na mishale, serikali ilikuwa na bunduki na askari wa KAR. Mekatilili na Wanje walikamatwa tena mwezi huo wa Agosti, wakaondolewa tena kwao.

Kufikia Oktoba Wagiriama walikuwa wameshindwa. Watu wengi waliuawa, nyumba nyingi zilichomwa na mbuzi wakachukuliwa kwa maelfu. Walitozwa faini ya rupia 100,000, wakatakiwa kutoa wanaume 1,000 wa kufanya kazi ya upagazi vitani, na kuhama kaskazini ya Sabaki. Wanafunzi wa isimu wanalifahamu vyema jina la mto huo, kwani ndilo wanaisimu walilolipa kundi la lugha linalojumuisha Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo na jamaa zake. Kwa hakika, waliofukuzwa ukingoni mwa Sabaki ni ndugu wa lugha hii tunayoisomea shahada.

Kurejea na Mwisho

Mekatilili alirejea mwaka 1919. Serikali ilikuwa imechoshwa na mvutano, na baada ya vita Wagiriama waliruhusiwa kurudi kulima kaskazini ya Sabaki. Mekatilili na Wanje walikaa kayani, yeye akiwa kiongozi wa baraza la wanawake na Wanje akiwa kiongozi wa baraza la wanaume. Alifariki mwaka 1924, akazikwa Bungale, katika eneo la Magarini.

Tathmini

Je, uongozi wake ulifaulu? Mtu anaweza kujibu kwamba haukufaulu, kwa kuwa watu wake walipoteza maisha, mali na, kwa muda, ardhi. Gharama hiyo haifai kufichwa kwa sifa. Hata hivyo, makusudio ya serikali ya kuwageuza Wagiriama kuwa vibarua wa kudumu wa walowezi hayakutimia kama ilivyopangwa, na ardhi ya kaskazini ya mto ilirudi. Haifai pia kumvisha Mekatilili mavazi ya karne yetu. Hakudai kura wala usawa wa kisheria. Alidai utaratibu wa kaya, ambao nao uliwapa wazee wa kiume mamlaka makubwa. Lakini ndani ya utaratibu huo mwanamke alikuwa na baraza, kiapo na haki ya kusikilizwa, na maafisa waliomwona kama mchawi hawakutambua kwamba walikuwa wakibomoa taasisi.

Hapo ndipo kisa chake kinapogusa mijadala ya sasa. Kifungu cha 27 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinaelekeza kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa. Bunge lilishindwa kutunga sheria ya kutekeleza kanuni hiyo, na Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje, halikuvunjwa. Wapo wanawake waliopita kwa kura za wananchi: Mishi Mboko alichaguliwa mbunge wa Likoni mwaka 2017, na mwaka 2022 Kwale ilimchagua Fatuma Achani kuwa mwanamke wa kwanza kuwa gavana katika Pwani. Mwaka huo wanawake waliochaguliwa magavana walikuwa saba kati ya kaunti 47. Hatua hizo ni za kweli, lakini bado ni ushindi wa mtu mmoja mmoja, ilhali Mekatilili alisimama juu ya baraza zima.

Hitimisho

Siku ya Mashujaa ya Oktoba 2010 Malindi ilimwenzi Mekatilili kwa sanamu, na bustani moja ya mji huo ina jina lake. Misitu ya kaya za Wamijikenda iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Heshima hizi ni stahiki, ila sanamu haizungumzi, na msitu uliohifadhiwa bila maneno yaliyokuwa yakisemwa ndani yake ni miti tu. Wanawake wazee wanaokumbuka nyimbo za kifudu na majina ya viapo wangaliko, baadhi yao hapa hapa Kisauni, Likoni na Changamwe. Kila mwaka idadi yao inapungua. Kazi ya kuwasikiliza na kuyahifadhi wanayoyajua inawahusu wanafunzi wa Kiswahili kabla ya mtu mwingine yeyote, maana sisi tuna lugha ya kuwaelewa na taaluma ya kuyapima wasemayo. Tukiiacha, atakayetaka kujua jinsi mwanamke wa Pwani alivyoongoza atalazimika kuyategemea mafaili ya waliomfunga.