Bildad Kaggia, Askari Aliyeshindwa kwa Kura

Bildad Kaggia alikuwa mtu wa Kenya. Katika Vita Kuu ya Pili alikuwa askari, akafika Mashariki ya Kati hata Uingereza. Aliporudi akapigania uhuru, na mwaka 1953 akahukumiwa kifungo cha miaka 7 pamoja na Jomo Kenyatta. Mwaka 1963 watu wa Kandara wakampeleka Bungeni. Huko alitaka maskini wapewe bure mashamba ya walowezi, jambo gumu kumwambia Kenyatta, aliyekwisha kuwa mkuu wa nchi. Akapoteza cheo chake katika Wizara ya Elimu, wala hakunyamaza. Mwaka 1966 akajiunga na chama cha Oginga Odinga, akaomba tena kura za Kandara, akashindwa. Baadaye alisaga mahindi ya watu kwa mashine, hata alipokufa mwaka 2005 hakuwa tajiri.