Maisha ya Krapf na Funzo la Jembe la Kukhu

Mimi ni mwanachama wa chama chetu cha Kiswahili, kidato cha tatu, na nyumbani kwetu ni hapa hapa Bokoli. Ukitoka sokoni ufuate njia ya mashamba ya miwa utafika kwetu hata bila kuuliza. Leo nataka niwasimulie maisha ya mtu aliyekufa zamani sana, lakini mniwie radhi nianze na kisa cha nyumbani. Bila kisa hicho mtu huyu ningemsoma kama navyosoma tarehe za historia, yaani kwa ajili ya mtihani tu.

Mama yangu alifariki mwaka jana, mwezi wa Mei. Mahindi yalikuwa yamefika magotini na mvua ilikuwa inanyesha kila alasiri. Tulimzika siku ya Jumamosi. Jumanne yake asubuhi, hata matanga hayajaisha na wageni wengine bado wamelala, nilisikia mlango wa jikoni ukifunguliwa. Kuchungulia, namwona kukhu, mama yake baba, ameweka jembe begani anakwenda kupalilia. Jamani, nilikasirika! Nilijiambia kwamba bibi huyu hakumpenda mama. Mtu aliyempenda marehemu anapata wapi nguvu ya kushika jembe siku ya tatu? Nilimfuata nikamwuliza. Alinijibu tu kwamba magugu hayana matanga, kisha akaendelea na mstari wake. Tangu siku hiyo nikawa naongea naye kwa shida. Uji wake nilikunywa, lakini moyoni nilikuwa nimemfungia mlango.

Basi mwaka huu mlezi wa chama alitupa kazi. Kila mmoja wetu azungumzie mtu aliyekitumikia Kiswahili. Tulichagua majina kwa vikaratasi. Wenzangu wakapata Shaaban Robert, wakapata Muyaka, wakashangilia. Mimi nikafungua changu nikakuta Johann Ludwig Krapf. Mzungu! Darasa likacheka. Mimi nilinuna, lakini nikaenda maktaba kumtafuta, maana mchagua jembe si mkulima.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima, kama baba zetu wengi. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na moja hivi, jirani mmoja alimpiga vibaya sana kwa kosa ambalo hakulifanya. Yule jirani alimdhania kuwa mtoto mwingine. Kipigo hicho kilimlaza kitandani muda wa miezi sita. Sasa wewe fikiria, mtoto umepigwa bure na unaugua nusu mwaka. Wengi wetu tungelala tukipanga kisasi. Yeye alikaa akisoma Biblia na kufikiri juu ya maisha yake. Baadaye alipokuwa shuleni aliona ramani ya Afrika yenye sehemu kubwa tupu upande wetu huu wa mashariki, na tangu hapo mawazo yake yakawa huku.

Mwaka 1837 chama cha misheni cha CMS cha Uingereza kilimtuma Uhabeshi. Huko hakufanikiwa. Alifukuzwa Tigray, akaenda Shoa, na huko nako njia ikafungwa. Alikuwa amemwoa Rosine Dietrich mwaka 1842. Walipokuwa safarini nyikani, mke wake alijifungua mtoto wa kike kabla ya wakati, na mtoto hakuishi. Walimpa jina la Kihabeshi lenye maana ya chozi, wakamzika huko huko njiani, wakaendelea na safari.

Mwaka 1844 ndio waliofika pwani yetu. Krapf alipita Unguja kwanza, akapata barua ya ruhusa kutoka kwa Sayyid Said, kisha wakahamia Mombasa. Mara akaanza kujifunza Kiswahili, na kadhi mmoja wa Mombasa mwenye asili ya Barawa akamsaidia. Wasomaji, hapo nilisimama kidogo. Mkristo anataka kutafsiri Biblia, na anayemsaidia ni kadhi wa Kiislamu! Mwezi wa Juni mwaka huo huo walianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo.

Mwezi uliofuata homa ikaingia nyumbani. Rosine alikuwa amejifungua mtoto mwingine wa kike. Mume na mke wote wakaugua. Krapf alikuwa hoi kitandani, na mke wake alipokata roho tarehe 13 Julai, yeye mwenyewe alikuwa hawezi kuinuka kumtazama mpaka ainuliwe. Haukupita muda, mtoto naye akamfuata mama yake. Rosine alikuwa ameomba azikwe bara, kando ya njia, ili wapita njia wakiliona kaburi wakumbuke ujumbe uliomleta. Walizikwa ng'ambo ya mji, upande wa Nyali, na kaburi lipo hadi leo.

Mimi nilipofika hapo nilifunga kitabu. Nilijua kinachofuata, au nilidhani najua. Nilidhani mtu huyu sasa atapanda meli arudi kwao. Nani angemlaumu? Amezika mke, amezika watoto wawili, na mwili wenyewe umeliwa na homa. Nilipofungua tena nikakuta kwamba alipopata nafuu alirudi kwenye kalamu yake. Alirudi kuuliza watu hiki kinaitwaje na kile kinaitwaje, akaandika, akafuta, akaandika tena. Aliwaandikia wakubwa wake Ulaya kwamba kaburi lile ni alama kuwa kazi imeanza. Ati kaburi ni mwanzo!

Hapo ndipo nilipomwona kukhu na jembe lake. Mwili ulinisisimka.

Lakini ngojeni, kisa hakijaisha. Mwaka 1846 alifika mwenzake, Johannes Rebmann, naye Mjerumani. Mwezi wa Agosti walianzisha kituo Rabai, kwa Wamijikenda, ambao wakati huo waliitwa Wanyika. Siku ya kuanzisha kituo wote wawili walikuwa na homa, na kilima cha Rabai walikipanda kwa taabu kubwa. Nyumba walijenga kwa mikono yao. Mnajua baada ya miaka kadhaa walikuwa wamebatiza watu wangapi? Wa kwanza alikuwa mtu mmoja tu, mlemavu aliyeitwa Mringe, na alibatizwa akiwa mgonjwa wa kufa. Mtu anayehesabu faida angesema hiyo ni hasara tupu. Sisi wana wa wakulima tunajua kuwa shamba halihesabiwi likiwa na miche.

Krapf alikuwa na ndoto kubwa. Alitaka misheni zipangwe kama mnyororo, kutoka pwani ya mashariki mpaka pwani ya magharibi ya Afrika. Kwa ajili hiyo alisafiri sana kwa miguu. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Ukambani sehemu za Kitui kwa mfanyabiashara mashuhuri Kivoi, aliuona kwa mbali mlima wenye theluji. Akaandika jina lake kama alivyolisikia kwa Wakamba, na kutoka kwa mlima huo nchi yetu ikaja kuitwa Kenya. Wenyeji walikuwa wanauona kila siku, hilo tusisahau, lakini Ulaya walikuwa hawajui. Wataalamu wengine huko waliwacheka, maana Rebmann naye alikuwa ameuona Kilimanjaro mwaka 1848. Walisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Walichekwa miaka mingi, na theluji ikakaa pale pale.

Mwaka 1851 alirudi Ukambani. Safari hii walivamiwa karibu na mto Tana, Kivoi akauawa, na Krapf akakimbia peke yake porini. Kiu ilipomzidi alifika mtoni, lakini hakuwa na chombo cha kuchukulia maji. Akajaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake, na mengine akayatia ndani ya mtutu wa bunduki! Alijaribu kula majani, mizizi, hata siafu. Fikiria bunduki imegeuka kibuyu. Mwalimu wetu wa dini hutuambia kwamba Mungu hutumia tulicho nacho mkononi. Sikuwahi kupata mfano mzuri kuliko huo.

Mwaka 1853 afya ilimshinda, akarudi kwao. Alikuja tena mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti kuanza kazi yao Ribe, lakini hakuweza kukaa. Rebmann yeye alibaki Rabai, akaugua macho mpaka akapofuka. Aliondoka mwaka 1875 akiwa kipofu, baada ya karibu miaka 29, akafa mwaka uliofuata. Ule mnyororo wa misheni Krapf hakuuona maisha yake yote.

Je, alibakiza nini? Alibakiza maneno. Mwaka 1850 ilichapishwa sarufi yake ya Kiswahili. Kamusi yake, ambayo Rebmann pia aliichangia, ilitoka London mwaka 1882. Yeye mwenyewe hakuishika mkononi kama kitabu kilichokamilika, kwa kuwa alifariki tarehe 26 Novemba 1881 huko Kornthal, Ujerumani. Walimkuta asubuhi amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi ile imejaa Kimvita cha siku zile, na mpaka leo wataalamu wanaifungua wakitaka kujua neno fulani lilisemwaje Mombasa wakati wa babu wa babu zetu. Mambo makubwa aliyoyapanga yalivunjika. Yale madogo ya kila siku, neno moja leo, neno jingine kesho, ndiyo yaliyobaki.

Simsifu kana kwamba alikuwa malaika. Alizidharau mila nyingi za watu aliowakuta, na katika mambo mengi alitazama kwa macho ya Ulaya ya wakati wake. Chema tukichukue, kisicho chema tukiache. Ninachokichukua mimi ni kule kurudi kwenye kalamu baada ya mazishi.

Siku niliyomaliza kusoma nilifika nyumbani jioni. Kukhu alikuwa anapukuchua mahindi ya mwaka jana yaliyobaki, kwa ajili ya kusaga. Nilikaa chini, nikachukua gunzi, nikaanza kupukuchua naye. Baada ya kimya kirefu nilimsimulia habari za Krapf na Rosine, na watoto wao wawili. Alisikiliza, akatikisa kichwa kwa kumwonea huruma yule Mzungu kama jirani wa kijiji cha pili. Kisha nikajikaza nikamwuliza tena kuhusu ile Jumanne.

Safari hii alinijibu yote. Aliniambia kwamba nyumbani mlikuwa na watu wengi na sisi watoto tulikuwa tunamtazama usoni. Kama angevunjika, na sisi tungevunjika. Kwa hiyo alikwenda shambani, na kila alipofika mwisho wa mstari, kule karibu na miwa ambako hakuna anayeona, alilia. Akishalia alifuta uso kwa leso, akamwomba Mungu nguvu ya mstari mmoja tu, akageuka, akaanza mwingine. Shamba lile lina mistari mingi, wasomaji. Na mahindi yale ndiyo yaliyouzwa mwezi wa Desemba nikalipiwa karo ya muhula wa kwanza. Kama jembe lingelala siku zile, mimi leo nisingekuwa katika kidato hiki, wala nisingeandika makala haya.

Nililia sana. Yeye hakulia, aliniongezea mahindi nipukuchue.

Wenzangu, wapo kati yetu waliofiwa, wapo waliorudishwa nyumbani kwa karo, na wapo wanaosoma kwa taa ya kibatari huku tumbo tupu. Sisemi msihuzunike. Hata Bwana Yesu alimlilia Lazaro. Ninachosema ni kwamba imani wakati mwingine haina sauti ya kanisani. Inakuwa mstari mmoja wa mahindi, au neno moja la kamusi, au hesabu moja ya daftari, ambayo mtu ameifanya siku ambayo hakutaka kufanya lolote. Na usimhukumu mwenzako kwa kuwa humwoni akilia. Huenda humjui mwisho wa mstari wake.

Mwaka huu wakati wa palizi nilikwenda na kukhu. Nilichukua jembe la mama, ambalo lilikuwa bado limeegemezwa nyuma ya mlango wa jikoni. Mpini wake umelainika pale alipokuwa akiushika. Tulianza mapema kabla jua halijapanda, yeye mstari wake na mimi wangu, na mlima Elgon ukitutazama kutoka mbali. Tulipofika kwenye miwa tulisimama kidogo bila kusema kitu. Kisha tukageuka.

Kalamu yangu naiweka chini hapa. Mungu awabariki nyote, walimu na wanafunzi.