Kijana aliyekataliwa chuoni akaja kuwa daktari wa mimea

Wewe uliye na barua ya kuitwa chuo na karo huna, keti hapa kidogo. Hata mimi niliacha stashahada ya ulinzi wa mimea mwaka wa pili. Nilikuwa nimefika kwenye somo la kuvu na kutu ya mahindi, somo nililolipenda kuliko yote, ndipo deni la karo likanifungia mlango wa chumba cha mtihani. Siku hizi naandika blogu na nauza bando mtaani. Lakini kuna jamaa mmoja tuliyesoma habari zake juujuu darasani ambaye hajatoka kichwani mwangu. Anaitwa George Washington Carver.

Najua utasema, ah, yule wa njugu. Ngoja. Njugu zilikuja baadaye sana.

Carver alizaliwa mtumwa huko Missouri, Marekani, yapata 1864. Tarehe kamili hakuna aliyeiandika, maana mtoto wa mtumwa hakuwa mtu wa kuandikiwa tarehe. Alipokuwa mchanga, majambazi walimteka yeye na mamake. Moses Carver, aliyewamiliki, akamtuma mtu kuwafuata. Mtoto akapatikana na yule mtu akalipwa farasi. Mama hakuonekana tena. Yaani jamaa alirudishwa kwa bei ya farasi mmoja.

Utumwa ukaisha, na Moses na mkewe Susan wakamlea pamoja na kakake James. Alikuwa mgonjwamgonjwa, kifaduro kilimwandama, kwa hivyo kazi nzito za shamba hakuziweza. Akabaki karibu na nyumba na bustani. Hapo ndipo mambo yalipoanzia. Alikuwa na kishamba chake cha siri kichakani, anapeleka huko mimea iliyonyauka na kuiuguza mpaka inapona. Majirani wakaanza kumletea maua yao yaliyoshambuliwa na wadudu. Walimwita daktari wa mimea kabla hajaona mlango wa shule.

Na shule yenyewe ilikuwa mbali. Ile ya karibu haikuchukua watoto weusi, ikabidi aende mji wa Neosho, akalelewa huko na Mariah Watkins, mkunga aliyejua mitishamba. Kutoka hapo akatangatanga Kansas akipika na kufua nguo za watu ili asome. Mwaka wa 1879, mjini Fort Scott, aliona watu wakimuua mtu mweusi hadharani. Akaondoka mji ule.

Sasa sikiza hii. Alipomaliza sekondari aliandika barua kwa chuo cha Highland, na chuo kikamjibu kwamba amekubaliwa. Akafunga virago. Alipofika, wakamtazama rangi na kumwambia chuo hakichukui watu weusi. Barua anayo mkononi! Mimi nilipofungiwa mlango angalau nilijua nadaiwa nini.

Carver alienda kulima Ness County, kwenye nyumba ya udongo aliyoijenga mwenyewe. Miaka ikapita. Ilipofika 1890 akaingia chuo cha Simpson, Iowa, kusomea uchoraji, akijilipia kwa kufulia wanafunzi wenzake. Alichora maua mazuri mno, na mchoro wake mmoja ulionyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya Chicago 1893. Ila mwalimu wake, Etta Budd, aliona kwamba huyu kijana anaijua mimea kuliko anavyoijua rangi. Babake mwalimu alifundisha kilimo cha bustani katika chuo cha kilimo cha Iowa, kule Ames. Akamwelekeza huko 1891.

Alikuwa mwanafunzi wa kwanza mweusi pale. Mwanzoni walimlisha ghorofa ya chini pamoja na wafanyakazi, wenzake wakila juu. Alivumilia. Akapata shahada 1894, kisha Profesa Louis Pammel akambakiza kama msaidizi na kumkabidhi nyumba ya kioo ya mimea. Hapo ndipo Carver alipozama katika fani ile ninayoijua mimi kwa nusu: kuvu na magonjwa ya mimea. Kutwa yuko msituni anaokota majani yenye madoa, usiku yuko kwenye hadubini. Jani ambalo wewe na mimi tungelitupa, yeye alilikausha, akalipa jina na kulihifadhi. Mwaka wa 1896 akapata shahada ya uzamili.

Mwaka huohuo Booker T. Washington akamwita Tuskegee, Alabama, chuo cha weusi. Maabara ilikuwa jina tu. Alituma wanafunzi waokote chupa na makopo jaani, wakayafanya vifaa.

Nje ya chuo hali ilikuwa noma zaidi. Wakulima weusi walilima pamba juu ya pamba kila mwaka mpaka udongo ukachoka. Na kutoka Mexico kulikuwa kumeingia Texas, yapata 1892, fukusi wa pamba, mdudu mdogo anayetaga mayai ndani ya tumba la pamba, buu likalila kutoka ndani. Dawa ukinyunyizia nje, buu liko salama ndani linakula. Katika miaka ya 1910 fukusi akafika Alabama.

Carver aliwaambia wakulima wabadilishe: kunde, viazi vitamu, njugu. Fukusi hali njugu. Na kunde na njugu zina vijidudu kwenye mizizi vinavyorudisha naitrojeni udongoni, ile pamba iliyokuwa ikiimaliza. Tangu 1906 kulikuwa na gari la farasi lenye vifaa vya kufundishia lililozunguka vijijini, maana wakulima wengi hawangefika darasani. Wakalima njugu, zikawa nyingi, soko hakuna. Ndiyo maana 1916 akatoa kijitabu chenye njia 105 za kuandaa njugu. Siagi ya njugu hakuivumbua yeye, ilikuwapo tayari. Ukisikia mtu akisema hivyo, mrekebishe.

Umaarufu ulikuja na pesa hakuzifuata, suti zake zilikuwa kuukuu na ua kifuani. Lakini kuvu hakuziacha. Mwaka wa 1935, akiwa mzee, wizara ya kilimo ya Marekani ilimfanya mshirika wake katika uchunguzi wa magonjwa ya mimea. Alifariki Januari 5, 1943, akazikwa Tuskegee kando ya Washington.

Kuna kuvu moja inayoshambulia majani ya mti wa mepo. Inaitwa Taphrina carveri, kwa jina lake. Nilikutana nalo nikipekua daftari langu la mwaka wa pili wiki jana, limeandikwa pembeni kwa penseli. Fomu ya kurudi chuo nimeshaichukua. Sehemu ya karo bado sijaijaza.