Bakhita wa Darfur

Mara hii tunawaletea maisha ya mama mmoja wa Darfur, Sudan. Alikuwa Mkatoliki, ninyi wa madhehebu mengine msiruke ukurasa, maana habari yake inagusa nyumba zetu nyingi.

Alizaliwa karibu mwaka 1869. Akiwa bado mtoto wa miaka kama minane alitekwa na wafanyabiashara wa watumwa. Hofu ilimzidi hata akasahau jina alilopewa na wazazi wake. (Sisi tukiona mtoto aliyetoka vitani hasemi, mara tunamwita mkaidi.) Jina la Bakhita, yaani mwenye bahati, alipewa na watekaji.

Aliuzwa mara kadhaa. Mke wa ofisa mmoja wa Kituruki aliamuru achanjwe chale 114 kifuani, tumboni na mkononi, kisha zikasuguliwa chumvi ili alama zisifutike. Kwetu wapo ambao wangesema binti huyu ameharibika, afichwe wageni wasimwone. Lakini wembe aliushika nani? Aibu ni ya nyumba ile iliyoamuru, si ya mtoto aliyelazwa chini.

Mwaka 1883 alinunuliwa na Mwitalia aliyemtendea vyema, na mwaka 1885 akafika Italia. Huko alikabidhiwa familia nyingine, nayo ikamwacha kwa muda kwa masista wa Venice. Mama wa familia hiyo aliporudi kumchukua ampeleke tena Sudan, Bakhita alikataa. Shauri likafika mahakamani, na tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba yeye si mtumwa. Alibatizwa Januari 1890, akaweka nadhiri za usista mwaka 1896.

Masimulizi yake yaliandikwa mwaka 1910, miaka 25 baada ya kufika Italia. Wazazi, na ninyi washauri wa kanisa, angalieni hesabu hiyo kabla ya kumsimamisha binti mbele ya ukoo aeleze yote kwa siku moja.

Kwa miaka mingi alihudumu mjini Schio: alipika, alishona, alifungua mlango. Watoto waliogopa weusi wake mwanzoni, baadaye wakamzoea na kumpenda.

Alifariki tarehe 8 Februari 1947. Katika ugonjwa wa mwisho, mateso ya utotoni yalimrudia, akamwomba muuguzi amlegezee minyororo kwa kuwa ilikuwa mizito. Masista hawakumkemea kwamba amepungukiwa imani, walikaa naye. Alipokufa, watu wa Schio walifika kwa wingi kumuaga.