Barbara Jordan: Seneta aliyehesabu kura kabla hazijapigwa

Wengi wanaolifahamu jina la Barbara Jordan wanalikumbuka kwa jioni moja ya Julai 1974. Siku hiyo alizungumza mbele ya kamati ya sheria ya bunge la Marekani mjini Washington, iliyokuwa ikijadili kumshtaki Rais Richard Nixon, na mamilioni ya watu walimtazama kwenye televisheni. Lakini kabla ya kufika Washington, mwanamke huyu alikuwa amefanya kazi ya kutunga sheria kwa miaka sita katika jimbo lake la Texas. Katika makala haya tunaangalia maisha yake, na hasa jinsi seneta wa jimbo anavyofanya kazi bunge linapokuwa kwenye kikao.

Kwanza tuweke jambo moja wazi. Marekani ina Seneti ya taifa, lakini pia karibu kila jimbo lina seneti yake. Seneta wa jimbo hashughulikii vita wala mambo ya nje. Anatunga sheria zinazomgusa mwananchi nyumbani kwake: shule, barabara, mishahara, kodi, na utaratibu wa kuandikisha wapiga kura.

Barbara Jordan alizaliwa Februari 21, 1936, mjini Houston, katika mtaa wa watu weusi uitwao Fifth Ward. Baba yake, Benjamin, alifanya kazi ya ukarani ghalani na pia alikuwa mhubiri wa Kibaptisti. Wakati huo Texas ilitenganisha watu kwa rangi, kwa hiyo Barbara alisoma katika Chuo Kikuu cha Texas Southern kilichokuwa cha watu weusi. Huko alisifika kwa midahalo. Mwaka 1959 alihitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Boston, akarudi Houston na kuanza uwakili akitumia meza ya kulia chakula ya wazazi wake.

Mwaka 1962 aligombea Baraza la Wawakilishi la Texas akashindwa. Akarudi 1964, akashindwa tena. Wagombea walipigiwa kura na kaunti nzima yenye watu wengi weupe, na kura za mitaa ya watu weusi zilimezwa humo. Tena mpiga kura alitakiwa kulipa kodi ndipo apige kura, na maskini wengi hawakuimudu. Kisha Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba maeneo ya uchaguzi ya bunge la jimbo yawe na idadi ya watu inayolingana. Mipaka ikachorwa upya, na mahakama pia ikafuta ile kodi ya kupiga kura. Mwaka 1966 Barbara aligombea Seneti akashinda. Hakuna mtu mweusi aliyekuwa ameketi katika Seneti ya Texas tangu 1883, na hakuna mwanamke mweusi aliyewahi kuketi humo.

Aliingia Austin, makao makuu ya jimbo, Januari 1967. Maseneta walikuwa 31, yeye akiwa mwanamke pekee na mweusi pekee. Hapa ndipo tunapaswa kuelewa kalenda ya kazi yake. Bunge la Texas hukutana katika kikao cha kawaida mara moja tu kila baada ya miaka miwili, na kikao hakizidi siku 140. Siku hizo zikiisha, muswada ambao haujapita umekufa. Mwenye nao atasubiri hadi kikao kijacho, au gavana aitishe kikao maalumu. Kwa hiyo kila wiki ina thamani.

Wiki ya seneta ina sura mbili. Ya kwanza ndiyo inayoonekana: maseneta wameketi ukumbini, karani anasoma, watu wanapiga kura. Katiba ya Texas inataka kila muswada usomwe kwa siku tatu tofauti, isipokuwa wajumbe wanne kati ya watano wakikubali kuharakisha. Pia hauwezi kupitishwa bila kwanza kupitia kamati. Kwenye kamati ndipo wananchi, wenye viwanda na vyama vya wafanyakazi huja kueleza wanachotaka na wanachokataa. Miswada mingi hufia hapo kimyakimya.

Sura ya pili haionekani na mgeni aliyeketi kwenye viti vya watazamaji. Ni mazungumzo ya korido, ya ofisini, ya wakati wa chakula. Seneta anamwendea mwenzake, anauliza atapigaje kura, anasikiliza shida ya watu wa kwao, anaandika jina lake kwenye karatasi. Barbara Jordan aliijua kazi hii upesi. Hotuba yake ya kwanza ukumbini ilipinga kodi ya mauzo ya miji, kwa sababu aliona ingewaumiza maskini kuliko matajiri. Alizungumza vizuri, lakini kodi ikapita. Hotuba nzuri peke yake haibadilishi hesabu ya kura.

Kulikuwa na kanuni moja iliyompa nguvu. Miswada ilipaswa kufuata foleni, lakini kwa desturi ya Seneti hiyo muswada mmoja usio na haraka uliwekwa mwanzo wa foleni na kuachwa hapo. Kwa hiyo muswada mwingine wowote, ili ujadiliwe, ulihitaji ruhusa ya kuruka foleni, na ruhusa hiyo ilitaka theluthi mbili ya kura. Kwa maseneta 31, hiyo ni kura 21. Maana yake ni kwamba maseneta 11 wakishikamana, muswada hausogei hata hatua moja.

Mwaka huo wa kwanza uliletwa muswada wa uandikishaji wa wapiga kura ambao ungewawekea vikwazo watu weusi na Wamarekani wenye asili ya Mexico. Ni watu wale wale waliokuwa wametoka tu kuondolewa mzigo wa kodi ya kupiga kura. Barbara hakuanza na hotuba. Alitafuta wenzake kumi, mmoja baada ya mwingine, na baadhi yao walikuwa watu waliokuwa na deni la msaada kwake. Pamoja naye wakawa 11. Muswada ukakwama bila kelele.

Uzito mwingine wa kazi yake ulikuwa kwa wafanyakazi wa chini. Mwaka 1966 vibarua wa mashamba ya kusini mwa Texas waligoma na kutembea kwa miguu hadi Austin wakidai angalau dola 1.25 kwa saa. Jimbo halikuwa na sheria yake ya kima cha chini cha mshahara. Barbara, ambaye baadaye aliongoza kamati ya masuala ya wafanyakazi, alikuwa miongoni mwa waliopigania sheria hiyo, na ilipofika 1970 Texas ilikuwa nayo kwa mara ya kwanza. Alisimamia pia sheria iliyoongeza fidia kwa wafanyakazi walioumia kazini.

Wapo waliomlaumu. Walisema yuko karibu mno na wakubwa wa Austin, kwamba anacheka na kula na watu ambao jana tu walitetea ubaguzi. Lawama hiyo haikuwa ndogo, kwani nje ya bunge vijana walikuwa wakiandamana na wengine wakipigwa. Yeye alichagua njia ya ndani: kujifunza kanuni kuliko waliozitunga, na kuwafanya wapinzani wamhitaji. Matokeo yake tumeyaona hapo juu.

Machi 1972 maseneta walimchagua kuwa rais wa muda wa Seneti. Kwa desturi, mwenye cheo hicho hukaimu nafasi ya gavana kwa siku moja, gavana na naibu wake wakiwa nje ya jimbo. Juni 10, 1972, Barbara Jordan akawa gavana wa Texas kwa siku hiyo. Baba yake alikuwapo kuona. Siku hiyo hiyo mzee aliugua ghafla, na kesho yake akafariki dunia. Furaha na msiba vilimfika binti kwa mpigo.

Novemba mwaka huo alichaguliwa kwenda bunge la Marekani, ambako alikaa hadi mwanzoni mwa 1979. Tayari ugonjwa wa mishipa ya fahamu ulikuwa umeanza kumdhoofisha miguu, na miaka ya mwisho alitumia kiti cha magurudumu. Alirudi Austin kufundisha katika Chuo Kikuu cha Texas, mji ule ule alioanzia. Mwaka 1994 alipewa Nishani ya Rais ya Uhuru. Alifariki Januari 17, 1996, akiwa na miaka 59, na akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuzikwa katika makaburi ya heshima ya jimbo la Texas.

Msikilizaji wetu, mara nyingi tunampima mjumbe wetu kwa sauti yake jukwaani. Maisha ya Barbara Jordan yanatupa kipimo kingine. Tuulize ameketi kamati gani, muswada gani ameusukuma au ameuzuia, na ni wenzake wangapi wako upande wake siku ya kura. Majibu hayo ndiyo yanayoamua kama kibarua atalipwa na kama mwananchi ataandikishwa kupiga kura.