Imam Ghazali: Mwanachuoni Aliyekiacha Kiti cha Heshima

Ndugu msomaji, elimu ya dini yaweza kumkaribisha mtu kwa Mola wake, nayo yaweza pia kumghuri. Jambo hili laonekana wazi katika maisha ya Imam Abu Hamid Ghazali, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Alizaliwa mwaka 1058 mjini Tus, katika Khurasan, nchi ya Uajemi. Baba yake alifariki yeye angali mtoto, na inasimuliwa kwamba yeye na nduguye Ahmad waliingia madrasa ili wapate riziki pamoja na elimu. Baadaye alisoma Nishapur kwa Imam Juwayni, na mwaka 1091 Waziri Nizam al-Mulk alimpa kiti cha ualimu katika chuo cha Nizamiyya, Baghdad, ambako alisomesha wanafunzi wapatao 300.

Lakini moyo wake haukutulia. Alipoichunguza nia yake aliona kwamba alisukumwa na tamaa ya cheo na sifa. Karibu miezi 6 alisitasita, hata ulimi wake ukafungika asiweze kusomesha, na matabibu wakakata tamaa. Basi mwaka 1095 aligawa mali yake, akabakisha ya kuwatosha watoto wake tu, akaenda Sham. Huko alikaa faraghani, akishika njia ya Masufi katika ibada na kuitakasa nafsi. Penye kaburi la Nabii Ibrahimu a.s. huko Hebron, aliweka nadhiri asipokee mali ya wafalme wala asiende barazani kwao.

Kitabu chake kikubwa, Ihya Ulum al-Din, kina sehemu 40. Humo alifundisha kwamba sala na saumu haziachani na uaminifu sokoni, na akawaonya wanavyuoni wanaokula mali ya watawala iliyopatikana kwa dhuluma.

Mwaka 1106 alikubali kusomesha tena, huko Nishapur, kwa kuitwa na Waziri Fakhr al-Mulk. Hata hivyo hakuuza ulimi wake. Alipomwandikia mtawala Sanjar, aliwaombea huruma watu wa Tus, waliokuwa wameonewa na ambao mazao yao yaliharibiwa na baridi na ukame.

Alifariki kwao Tus tarehe 18 Desemba 1111. Kila anayetafuta dini na ajiulize kama alivyojiuliza Imam huyu: Je, ninatafuta radhi ya Mwenyezi Mungu, au sifa za watu?